Nani Alipika? Utangulizi wa Somo la Mahipi

Huenda umekuja na picha moja tu kichwani: kijana wa Kizungu mwenye nywele ndefu, shanga shingoni na gitaa mkononi, amekaa chini ya mti hana haraka na lolote. Au picha yako imetoka karibu zaidi, kwenye albamu ya nyumbani, ambamo baba mdogo kavaa bugaluu na raizoni, kasimama mbele ya pazia la studio miaka ya sabini. Picha zote mbili ni mlango mzuri wa kuingilia. Bugaluu lile lina safari ndefu nyuma yake. Suruali za miguu mipana zilikuwa sare ya mabaharia wa jeshi la Marekani, na vijana wa miaka ya sitini walizinunua kwa bei ya kutupa kwenye maduka yaliyouza masalio ya jeshi. Walivaa mitumba kwa hiari yao, ilhali wengi wao walikuwa watoto wa watu wenye uwezo wa kuwanunulia nguo mpya. Ukijiuliza kwa nini mtoto wa mwenye nacho achague mtumba, tayari umeingia ndani ya somo letu.

Nina ombi moja kabla hatujaanza. Kila tutakapofika mahali ambapo mahipi walikusanyika, uliza nani alipika, nani aliosha vyombo, na unga ulipatikana wapi. Vitabu na filamu vitakuvuta kwenye muziki na dawa za kulevya, na ni kweli mambo hayo yalikuwepo. Lakini kwa maoni yangu, mambo ya mahipi yaliyodumu ni yale yaliyopata watu wa kuyashughulikia kila siku, na mengi yaliyokufa yalikufa kwa kuwakosa watu hao. Sitaki ulikubali hilo kwa kuwa nimelisema mimi. Tembea nami, uone kama ushahidi unalibeba.

Tuanze na watu wenyewe. Kati ya 1946 na 1964 walizaliwa Marekani watoto wapatao milioni 76. Wazazi wao walikuwa wamepitia mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, kisha Vita Kuu ya Pili, na waliponusurika walitaka utulivu: kazi ya kudumu, nyumba yenye bustani nje kidogo ya mji, gari, jokofu, televisheni. Wengi waliupata, hasa weupe. Watoto wakakulia katika shibe ambayo babu zao hawakuiota, wakaenda vyuoni kwa wingi. Idadi ya wanafunzi wa vyuo iliongezeka zaidi ya maradufu kati ya 1960 na 1970. Hata hivyo, shuleni walikuwa wamefundishwa kujificha chini ya madawati, endapo bomu la nyuklia lingeanguka. Kwenye televisheni ya sebuleni waliona polisi wa Birmingham, mwaka 1963, wakiwaachia mbwa vijana weusi waliodai haki zao. Kisha Machi 1965 vikosi vya kwanza vya mapigano vikatua Vietnam, na kufikia mwisho wa 1968 wanajeshi wa Marekani waliokuwa huko walizidi 500,000. Maelfu kwa maelfu walipelekwa kwa uandikishaji wa lazima, yaani utaratibu wa serikali kumwita kijana jeshini atake asitake.

Yaweke mambo hayo matatu pamoja: shibe, hofu na aibu. Kijana aliyeshiba ana nafasi ya kuuliza shibe ni ya nini. Kijana anayeambiwa kwamba dunia inaweza kuteketea kesho haoni maana ya kungoja pensheni. Na kijana anayeona nchi yake ikihubiri uhuru huku ikiwanyima raia wake uhuru huo huacha kuwaamini wakubwa hata wanaposema kweli. Mtu akikuambia mahipi walikuwa watoto waliodekezwa tu, au kwamba walikuwa manabii tu, ujue ameshika sababu moja na kuziacha mbili.

Hapa tunahitaji istilahi yetu ya kwanza. Wataalamu huzungumzia utamaduni mdogo, yaani desturi za kundi fulani ndani ya jamii, lenye lugha yake, mavazi yake na miiko yake. Mabaharia wana utamaduni mdogo, na madereva wa malori pia. Makundi hayo hutofautiana na wengine katika namna ya kuishi, lakini malengo yao ni yaleyale ya jamii nzima: riziki, heshima, nyumba, watoto. Utamaduni kinzani ni jambo jingine. Ni pale kundi linapoyakataa malengo yenyewe na kujaribu kuishi kwa malengo mengine. Msamiati huu ulienezwa na mwanahistoria Theodore Roszak katika kitabu chake cha 1969, *The Making of a Counter Culture*. Kwa Roszak, adui wa vijana hakuwa chama fulani cha siasa. Adui alikuwa teknokrasia, yaani utawala wa wataalamu, ambamo kila swali la maisha hugeuzwa kuwa swali la kiufundi na kukabidhiwa ofisi inayohusika, hadi mwananchi wa kawaida anabaki bila la kusema kuhusu vita, chakula chake au hata uzazi wake. Usiisahau hoja hiyo. Tutakutana nayo tena kwenye chumba cha kujifungulia.

Mahipi hawakuanzia hewani. Kabla yao walikuwepo waandishi walioitwa Beat, kama Jack Kerouac na Allen Ginsberg, ambao katika miaka ya hamsini walikwisha ikataa ile nyumba yenye bustani na jokofu. Shairi la Ginsberg, *Howl*, lilichapishwa mwaka 1956 na Lawrence Ferlinghetti, mwenye duka la vitabu la City Lights huko San Francisco. Ferlinghetti alishtakiwa mwaka uliofuata kwa kosa la kueneza matusi, na mahakama ikamwachia huru. Waandishi wa kundi hilo waliokuwa San Francisco waliishi hasa mtaa wa North Beach. Kodi za nyumba zilipopanda huko, vijana waliowafuata walihamia upande mwingine wa mji, kwenye mtaa unaoitwa kwa majina ya barabara mbili zinazokutana: Haight na Ashbury.

Kwa nini Haight-Ashbury? Jibu ni la kawaida kabisa, na nakusihi uzoee majibu ya namna hiyo: kodi ilikuwa nafuu. Mtaa ulikuwa na nyumba kubwa za mbao, zenye vyumba vingi, zilizojengwa tangu karne ya 19. Familia nyingi zilikuwa zimehamia nje ya mji, na mpango wa kupitisha barabara kuu katika eneo hilo uliwatia wenye nyumba wasiwasi kwa miaka kabla haujakataliwa. Vijana kumi wakichanga, walimudu nyumba iliyojengwa kwa ajili ya tajiri mmoja na watumishi wake. Na mkiishi kumi nyumba moja, suala la jikoni haliwezi kukwepeka.

Najua unangoja niseme kuhusu LSD, kwa hiyo tuiseme. LSD ni kemikali ya maabara inayovuruga hisi na fikra kwa saa kadhaa, hata mtu akaona na kusikia yasiyokuwepo. Aliitengeneza Albert Hofmann, mkemia wa kampuni ya Sandoz mjini Basel, mwaka 1938, akazigundua athari zake mwaka 1943. Mwandishi Ken Kesey, mmoja wa walioieneza sana California, aliionja mara ya kwanza alipojitolea katika majaribio ya hospitali moja ya wanajeshi wastaafu huko Menlo Park, majaribio yaliyogharimiwa kwa siri na shirika la ujasusi la CIA. Dawa iliyokuja kuwa alama ya uasi ilipita kwanza kwenye mlango wa serikali. California iliipiga marufuku tarehe 6 Oktoba 1966. Wapo waliosema iliwafungua macho, na wapo walioharibikiwa nayo wasipone. Lakini wanafunzi wengi hukwama hapa kwa muda mrefu mno, na ndiyo maana nakuhimiza tuendelee.

Kuna mkanganyiko mwingine ningependa kukuepusha nao mapema. Ukitazama filamu za zamani utadhani mahipi na wanafunzi waliokuwa wakiandamana ni watu walewale. Sivyo. Wanafunzi wanaharakati, waliojulikana kama Mrengo Mpya wa Kushoto, walitaka kubadilisha sheria na serikali: walifanya mikutano, waliandika maazimio, walikabiliana na polisi, kama ilivyokuwa chuoni Berkeley mwaka 1964 walipodai uhuru wa kusema. Hipi halisi aliona siasa hizo ni mchezo wa wakubwa walewale. Yeye alitaka kujitoa, akaishi leo kama ambavyo angependa dunia iwe kesho. Pande hizi mbili zilishukiana, zikacheka pamoja, zikagombana. Tarehe 14 Januari 1967 zilikutanishwa makusudi katika bustani ya Golden Gate Park, kwenye mkusanyiko ulioitwa Human Be-In, uliohudhuriwa na watu wanaokadiriwa kuwa 20,000 hadi 30,000. Magazeti ya nchi nzima yaliripoti, na kuanzia hapo mtaa wa Haight haukuwa tena siri ya wakazi wake.

Sasa tufike jikoni, mahali ninapopapenda kuliko pote katika somo hili. Oktoba 1966, baadhi ya waigizaji waliotoka katika San Francisco Mime Troupe, kundi la tamthilia za bustanini, walianza kugawa chakula bure kila siku saa kumi jioni kwenye Panhandle, ukanda mwembamba wa bustani kando ya Haight. Walijiita Diggers, kwa kuwakumbuka wakulima maskini wa Uingereza walioongozwa na Gerrard Winstanley mwaka 1649, ambao walilima ardhi ya wazi huko Surrey wakidai kuwa ardhi ni ya wote. Mchuzi ulipikwa kwa vyakula vilivyobaki sokoni, ukaletwa wa moto ndani ya madebe makubwa ya chuma ya kubebea maziwa. Mlaji alitakiwa kuja na bakuli na kijiko chake. Kabla ya kuhudumiwa alipita ndani ya fremu ya mbao iliyopakwa rangi ya manjano, ya mraba, kila upande mita nne hivi. Hiyo fremu ndiyo tamthilia yenyewe. Ukiivuka, unatakiwa kuitazama dunia kama mahali ambapo chakula hakina bei, na kwa kuwa sahani yako kweli haina bei, basi kwa dakika zile dunia hiyo ipo.

Mwaka 1967 wakaongeza mkate. Waliuoka katika jiko la kanisa la All Saints, kwa unga wa ngano usiokobolewa, na badala ya kununua vyombo vya kuokea walitumia makopo matupu ya kahawa. Donge lilijaa kopo, likaumuka likapita ukingo, na mkate ukatoka na kichwa kama uyoga. Walikuwa pia na duka ambalo kila kitu ndani yake kilikuwa bure. Mtu akiingia na kuuliza meneja ni nani, aliambiwa ni yeye.

Zingatia kwamba hawakuiita kazi hiyo sadaka. Sadaka hutenganisha mtoaji na mpokeaji. Diggers walitaka asiwepo wa kutoa wala wa kupokea. Ni wazo zuri, na nalichukulia kwa uzito wote. Lakini uliza lile swali letu. Waliokuwa wakienda sokoni alfajiri kuomba mboga, wakamenya, wakakoroga na kuosha madebe, kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake wa kundi hilo. Majina yaliyoingia kwenye vitabu ni ya wanaume walioandika vipeperushi. Kundi lililovuka fremu ili kuiacha dunia ya zamani liliingia na mgawanyo wa kazi wa dunia hiyohiyo.

Kiangazi cha 1967 vijana wanaokadiriwa kufika 100,000 walimiminika Haight, wengine wakiwa watoto waliotoroka makwao. Magazeti yalikiita Kiangazi cha Mapenzi. Kwa mtaa wenyewe kilikuwa mzigo: watu wamelala barazani, homa ya ini, magonjwa ya zinaa, watu waliovurugwa na dawa, na nyuma yao wauzaji wa dawa kali zaidi. Daktari kijana, David Smith, aliona mji haukujiandaa kuwapokea, akafungua kliniki ya bure kwenye mtaa wa Clayton tarehe 7 Juni 1967. Msimamo wake ulikuwa kwamba matibabu ni haki, si fadhila. Madaktari na wauguzi walijitolea, na wanamuziki walipiga matamasha ya kuchangia dawa na kodi. Mgonjwa aliyeingia akitetemeka kwa hofu ya LSD hakukabidhiwa polisi. Aliwekwa mahali tulivu, na mtu akakaa naye akizungumza naye kwa upole hadi dawa ishuke.

Laiti ningeweza kukukalisha hapa kwa siku nzima. Kliniki ile ilikuwa miongoni mwa za kwanza kushikilia kwamba mtumiaji wa dawa za kulevya ni mgonjwa anayehitaji matibabu, wakati ambapo sheria ilimwona mhalifu tu. Kliniki za namna hiyo zikafunguliwa katika miji mingi ya Marekani, na Smith mwenyewe alikuja kuwa rais wa chama cha madaktari wa tiba ya uraibu. Tarehe 6 Oktoba 1967, mwaka mmoja kamili tangu LSD ipigwe marufuku, wakazi wa zamani wa Haight walibeba jeneza barabarani kutangaza kwamba hipi amekufa, ameuawa na magazeti na biashara. Kliniki haikufungwa kwa sababu ya jeneza lile. Iliendelea kutibu watu kwa miongo iliyofuata.

Tusiende mbele kabla ya kuuliza nani hakuwemo. Jirani kabisa na Haight ulikuwa mtaa wa Fillmore, kitovu cha maisha ya Wamarekani weusi wa San Francisco, na katika miaka hiyohiyo serikali ilikuwa ikibomoa nyumba zao kwa jina la kuendeleza mji. Ng'ambo ya ghuba, Oakland, chama cha Black Panther kilianzishwa Oktoba 1966, mwezi uleule Diggers walipoanza kugawa mchuzi, na mwaka 1969 chama hicho nacho kikaanza kupika kifungua kinywa cha bure kwa watoto wa shule. Tofauti ni nzito. Kijana mweupe aliyechagua umaskini angeweza kupiga simu nyumbani akatumiwa nauli. Mama wa Fillmore hakuchagua, na hakuwa na pa kupiga simu. Mahipi walivaa pia shanga na vitambaa vya kichwani vya wenyeji wa asili wa Amerika, mara nyingi bila kujua lolote kuhusu watu waliokuwa wakiishi kwenye hifadhi zenye dhiki. Ukiwapenda mahipi, kama ninavyowapenda mimi, uwe tayari kulisema hili bila kulipunguza.

Wanawake walilisema la kwao wenyewe. Mwaka 1970 mwandishi Robin Morgan alichapisha makala kali ya kuagana na wanaume wa harakati na wa utamaduni kinzani, waliohubiri ukombozi huku wakingoja kupikiwa. Mapenzi huru, yaani mahusiano yasiyofungwa na ndoa, yaliwezekana kwa urahisi zaidi baada ya vidonge vya kuzuia mimba kuidhinishwa mwaka 1960, lakini wengi waliona uhuru huo ulipimwa kwa matakwa ya mwanaume. Sehemu ya nguvu ya harakati za wanawake za miaka ya sabini ilitoka kwenye majiko ya aina hiyo.

Tamasha la muziki la Woodstock utalikuta kila mahali, kwa hiyo nitalipitia haraka: Agosti 1969, shamba la ng'ombe wa maziwa la Max Yasgur huko Bethel, New York, watu zaidi ya 400,000, mvua, matope, chakula kikaisha. Waliowalisha maelfu walikuwa watu wa Hog Farm, jumuiya ya mahipi iliyoitwa na waandaaji, wakapika nafaka na mboga kwenye masufuria makubwa. Desemba mwaka huohuo, huko Altamont, California, ulinzi wa tamasha la bendi ya Rolling Stones ulikabidhiwa genge la waendesha pikipiki, na kijana mweusi wa miaka 18 akachomwa kisu hadi kufa mbele ya jukwaa. Waandishi hupenda kuiita Altamont mwisho wa zama. Mimi siamini. Kufikia wakati huo wengi waliokuwa na nia walikwisha ondoka mjini.

Walikwenda mashambani, kwenye komuni. Komuni ni jumuiya ya watu wasio wa ukoo mmoja wanaoishi pamoja na kumiliki mali kwa pamoja, kwa ukamilifu au kwa sehemu. Ya mwanzo kujulikana sana, Drop City ya Colorado, ilianzishwa 1965. Wakazi wake walijenga nyumba za mduara kwa mabati ya paa za magari waliyoyakata kwenye majalala ya vyuma. Zilikuwa nzuri ajabu. Mlango ulikuwa wazi kwa yeyote, wageni wakafurika, waanzilishi wakachoka wakaondoka, na katika miaka ya mwanzo ya sabini pakabaki patupu.

Linganisha na The Farm. Mwaka 1970 mwalimu mmoja, Stephen Gaskin, aliondoka San Francisco na msafara wa mabasi ya shule yaliyojaa wafuasi wake, na 1971 wakanunua ardhi ya ekari zaidi ya 1,000 karibu na Summertown, Tennessee. Walilima soya, hawakula nyama, waliweka fedha zote kwenye mfuko mmoja. Njiani, ndani ya mabasi yale, wanawake walianza kujifungua, na mkewe Gaskin, Ina May, ambaye hakuwa amesomea uuguzi, akajikuta akiwahudumia. Alijifunza kwa madaktari waliokubali kumfundisha, akiwemo daktari wa jirani aliyezoea uzazi wa nyumbani. Yeye na wenzake wakawa wakunga, wakaandika kila uzazi kwenye daftari. Mwaka 1975 alitoa kitabu, *Spiritual Midwifery*, kilichosomwa sana.

Daftari zile ndizo zinazonifurahisha. Mwaka 1992 ulichapishwa utafiti uliochunguza wanawake 1,707 waliohudumiwa na wakunga wa The Farm, ukilinganisha na waliojifungulia hospitali chini ya madaktari. Usalama wa watoto haukuonyesha tofauti kubwa, lakini upasuaji wa uzazi ulikuwa chini ya 2 kwa kila wanawake 100 kwa wakunga, na zaidi ya 16 kwa hospitali. Takwimu hizi zisomwe kwa uangalifu, kwa sababu mama wa makundi hayo mawili huenda hawakulingana kwa kiwango cha hatari. Hata hivyo, hoja ya Roszak hapa inashikika: swali lililokuwa limekabidhiwa wataalamu peke yao lilirudi mikononi mwa mama na mkunga, na likajibiwa kwa kumbukumbu zilizoandikwa. Ina May alileta pia mbinu ya kumsaidia mtoto ambaye bega lake limekwama wakati wa kuzaliwa: mama hugeuka akapiga magoti na kuegemea mikono. Aliipata kwa wakunga wa Amerika ya Kati, waliokuwa wakiijua tangu zamani, na leo inafundishwa kwa jina lake, Gaskin. Jina hilo nalo linastahili swali, na naamini umeshaliuliza.

The Farm ilielemewa na madeni, ikaachana na mfuko mmoja mwaka 1983, na wengi wakaondoka. Haikufa. Na hapa nataka kukuonyesha namna athari inavyosafiri, kwa kuwa ndilo jambo gumu zaidi katika somo hili. Ni rahisi kusema mahipi walileta yoga, vyakula visivyo na kemikali, utunzaji wa mazingira na kompyuta. Siku ya Dunia ya kwanza, tarehe 22 Aprili 1970, ilihusisha Wamarekani milioni 20, lakini aliyeianzisha ni seneta, Gaylord Nelson, na kitabu cha Rachel Carson kuhusu sumu za kuulia wadudu kilitoka 1962, kabla ya hipi wa kwanza. Jambo kutokea baada ya jingine si ushahidi kwamba limetokana nalo. Mtafiti hutafuta mkono uliolibeba.

Kwa upande wa kompyuta mikono inaonekana. Stewart Brand, aliyekuwa miongoni mwa wenzake Ken Kesey, alichapisha *Whole Earth Catalog* kuanzia 1968, orodha ya zana, mbegu, vitabu na vifaa kwa ajili ya wakazi wa komuni. Desemba mwaka huo alikuwa mmoja wa wapiga kamera Douglas Engelbart alipoonyesha hadharani kompyuta inayoongozwa kwa kipanya. Mwaka 1985 Brand na Larry Brilliant walianzisha The WELL, mojawapo ya mitandao ya mwanzo ya watu kuzungumza kwa kompyuta, na baadhi ya waliopewa kazi ya kuiendesha walitoka The Farm. Walikuwa wameishi miaka mingi na mamia ya watu wakigombea maji, zamu na maneno. Walijua kusuluhisha. Mwanazuoni Fred Turner ameufuata uzi huu kwa makini katika kitabu cha 2006, na anaonya kwamba uzi huohuo ulibeba pia imani kuwa zana zikitosha, siasa hazihitajiki. Mwingine, Thomas Frank, alionyesha mwaka 1997 kwamba watu wa matangazo ya biashara walikuwa na kiu yao ya uasi hata kabla ya mahipi, kwa hiyo biashara haikuuiba uasi huo kama inavyosimuliwa. Soma wote wawili. Usikimbilie kuchagua upande.

Mwisho, somo hili linafika kwetu. Mahipi walisafiri kwa nchi kavu kutoka Ulaya kupitia Istanbul, Tehran na Kabul hadi Kathmandu na Goa, mpaka mapinduzi ya Iran na vita vya Afghanistan vilipoifunga njia hiyo mwaka 1979. Katika miaka ya sabini Lamu nayo iliingia kwenye ramani yao. Mji wa mawe, wa misikiti na vichochoro, wenye adabu zake za mavazi na mazungumzo, ukapokea vijana waliokuwa wamekimbia adabu za kwao. Sehemu kubwa ya simulizi zinazosomwa kuhusu kukutana huko imeandikwa na wasafiri. Kama wewe ni mwanafunzi wa historia na una bibi, mjomba au jirani aliyekuwa Lamu siku hizo, nenda kwake na daftari. Muulize chumba kilikodishwa kwa kiasi gani, samaki alinunuliwa na nani, wazee walisema nini walipoona watu wakitembea nusu uchi, vijana wa mji waliiga nini na walikataa nini, na ni wageni gani walibaki wakaoa au wakaolewa. Andika tarehe, andika mitaa, na kama anaruhusu, hifadhi sauti yake. Kisha urudi kwenye vitabu vya wasafiri ukiwa na majibu hayo mkononi, uone wapi vinakubaliana nayo na wapi vinanyamaza.